Nyumba Yenye Mlango wa Kijani

Bado nina hasira, na nusu yake najikasirikia mwenyewe. Jumamosi iliyopita mimi na rafiki zangu, Achieng na Mutua, tulitoka mtaa wetu wa Umoja, hapa Nairobi, tukaenda mtaa wa Kaloleni kujifanya watalii. Achieng alikuwa amesikia kwamba nyumba moja ya zamani imefunguliwa watu waione. Namba hakuijua. Eti alijua tu ina mlango wa kijani!

Tulipobisha, mama mmoja mzee alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akanyamaza. Nikaudhika. Hakuna maelezo, hakuna hata karatasi ukutani.

"Mama, hamna mtu wa kutueleza?" nikamuuliza kwa ukali.

"Kuwaeleza nini, mwanangu?"

"Historia! Tumetoka Umoja na hili jua, halafu mnatukalisha tu?"

Wenzangu waliinamisha vichwa kwa aibu. Mimi nikainuka, nikaingia chumba cha ndani. Kitandani alilala mzee, blanketi hadi kidevuni, hatikisiki. Angalau hapa wamejitahidi, nikawaza.

"Achieng, njoo uone sanamu! Wameiweka mpaka mvi!"

Nikaiinamia, nikaivuta sikio nijue kama ni la mpira.

Sanamu ikafungua macho. "Mama Okoth," ikaita kwa sauti ya mgonjwa, "huyu anayenivuta sikio ni nani?"

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni watu wa kanisa," akamjibu mumewe, kisha akanigeukia taratibu. "Ama si nyinyi mliotumwa kuja kumwombea?"