Herufi Nene za Ukurasa wa Kwanza

Saa tatu asubuhi, katika duka la kuchapa nyaraka huko Mkomaindo, mjini Masasi, Brigita Mchopa anaacha kibodi na kushika simu. Inaita, haipokelewi. Midomo yake inacheza, anasali.

Muda mfupi uliopita Stamili, mkulima wa Chiwata, aliingia kuongeza nakala za mwongozo wa kupulizia mikorosho, ambao Brigita aliuandaa wiki iliyopita.

"Shikamoo, Mama Violet," alimsalimu Brigita. "Nitolee ukurasa wa pili tu."

"Marahaba. Na wa kwanza?"

"Tumeubandika ghalani. Mtu ana bomba mgongoni, unataka abebe na maktaba?"

Brigita hakucheka. Kazi hii aliyojifunza ukubwani, baada ya kulima miaka mingi Newala, ina kanuni yake. Neno la kitaalamu hukolezwa kwa herufi nene linapotokea mara ya kwanza, maana ikifuata papo hapo. Baadaye huandikwa kwa herufi za kawaida, kwani msomaji ameshalijua.

Ndivyo alivyoandika ukurasa wa kwanza: muda wa zuio, yaani kipindi ambacho mtu haruhusiwi kuingia shamba lililopuliziwa dawa. Ukurasa wa pili unasema tu, "Zingatia muda wa zuio."

"Hilo tunaliruka," Stamili alimwambia alipoonyeshwa mstari huo. "Tulidhani ni mambo ya wataalamu. Jana tumepuliza, leo mke wangu na wenzake wanafagia chini ya mikorosho."

Brigita alipomweleza maana yake, Stamili alimwachia namba ya mkewe, akatoka mbio kutafuta pikipiki.

Sasa simu inapokelewa. Ni Mama Furaha, mke wa Stamili.

"Tuko shambani. Mwenzetu Shakila macho yanamwasha, tunamtania eti analilia mume."

"Tokeni wote, mama. Mkaoge kwa sabuni. Shakila aoshwe macho kwa maji mengi, kisha mumpeleke zahanati."

"Maji ya kuoga wote? Huku maji tunanunua."

"Nunueni. Nakuomba, mwenzangu."

Simu inakatika. Brigita anarudi kwenye kibodi. Kwenye ukurasa wa pili anakoleza "muda wa zuio" kwa herufi nene, maana ikiwa pembeni yake.

"Nilimwandikia msomaji anayeanza mwanzo," anasema. "Kuanzia leo, kila karatasi itajieleza yenyewe."

Nakala za zamani zimeshagawiwa kijiji kizima. Anapanga kufunga duka na kupeleka mpya nyumba kwa nyumba.

"Nitaanza kwa Shakila," anasema. "Namwomba Mungu nimkute anaweza kuisoma."