Kidonda Kisichouma

Nakumbuka asubuhi moja kule Mang'ola, mwanangu, enzi mgongo wangu ulipokuwa bado unakubali kuinama kutwa nzima. Nilikuwa nimeshuka kutoka Endamarariek kumsaidia kaka yangu Bura kung'oa vitunguu.

Bura alikuwa na mwaka wa tatu akiugua kisukari. Muuguzi wa zahanati alimwonya, mimi na mkewe Maria tukisikia: aache sigara, asiruke dawa, apime presha, avae viatu vya kufunika vidole, na kila jioni akague nyayo zake. Bura aliitikia vizuri sana. Kesho yake akarudi kwenye mifereji ya kumwagilia vitunguu na kandambili zake, sigara mdomoni. Sikio la kufa, walisema wazee, halisikii dawa.

Asubuhi hiyo niliona damu pale alipokanyaga. Nikamketisha, nikainua mguu. Kipande cha waya kilikuwa kimezama kwenye unyayo, na nyama pembeni imeshaanza kuwa nyeusi. Nilikivuta, wala hakushtuka.

“Hakiumi, dada,” akasema. “Usimwambie Maria. Atanikokota hospitali, na malori ya wanunuzi yanakuja Ijumaa.”

Nami, kwa ujinga wa ujana, nilifurahi kusikia hakiumi. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, akavaa soksi. Siku zilizofuata nilikuwa nakifungua na kukifunga upya nyuma ya banda, Maria akiwa jikoni anakoroga uji. Siku moja akauliza, soksi za nini kwenye joto hili? Nikajibu mimi, tena haraka, kwamba ni za kuzuia mbu.

Malori yalikuja, yakapakia, yakaondoka. Jumapili Bura akatetemeka kwa homa na kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Tukamkimbiza hospitali Karatu. Walimkata mguu chini ya goti, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na figo zake zilikuwa zimechakaa siku nyingi kwa presha asiyoipima. Alikufa Jumatano.

Daktari, mzee mpole, alituketisha. Alisema wagonjwa wengi wa kisukari hawaondolewi duniani na sukari yenyewe. Huondolewa na moyo, na figo, na vidonda kama hiki, tena kwa sababu wanafika wamechelewa. Akauliza ni nani aliyekuwa akikifunga, maana kitambaa kilifungwa kwa mkono wa uangalifu.

Nikainama. Maria akanitazama, akaelewa. Hakupiga kelele.

“Wifi,” akasema, “ungeniambia tu.”

Tumezeeka sote wawili, tunasali kanisa moja, tunaitana wifi vilevile. Hajalirudia neno lile, nami sijaacha kulisikia.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemsaidia kuficha humchimbia kaburi. Ukiambiwa una sukari, kunywa dawa yako hata siku unayojisikia mzima. Pima presha. Tupa sigara. Tazama nyayo zako, maana sukari huua hisia za miguu, na ukiona jeraha lisilouma, hilo ndilo la kulikimbiza hospitali. Na mpendwa wako akikuomba umfichie ugonjwa, mkatalie. Akununie akiwa hai.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na ulimi usioogopa kusema. Miguu yako ikufikishe uzeeni, yote miwili.