Mkono wa Bibi Juu ya Doki

Mama mdogo wangu huandika maneno ya watu wengine. Ndiyo kazi anayoijua tangu usichana wake. Vikao, mashauri, mikutano ya wakubwa wanaokatizana kama kuku bandani, yote huingia masikioni mwake na kutokea vidoleni. Ukimsemesha akiwa kazini vidole havisimami. Anakutazama usoni, anatikisa kichwa, kumbe anamwandika mtu mwingine kabisa. Mama yangu, ambaye ni dada yake, humtania kwamba siku yake ikifika ataandika kwanza anachosema daktari, ndipo akate roho.

Ofisi yake ya zamani ilipofungwa aliondoka na monita mbili ambazo hakuna aliyezitaka, nyeusi, pana, moja ina mkwaruzo pembeni. Alizileta moja moja, amezikumbatia kama watoto waliolala. Akazipanga sebuleni kwa bibi, maana ndiko anakoishi. Mimi na mama tuna chumba mlango wa pili, lakini mchana tuko makazini, mama kwenye duka la vyombo, mimi kwa fundi cherehani. Mchana bibi alikuwa wa mama mdogo peke yake.

Na bibi si wa kuachwa. Aliwahi kuteleza bafuni. Mama mdogo alisikia kishindo, akaruka kutoka kitini na visikilizio bado viko kichwani, waya wake ukaivuta laptopu ikaanguka kifudifudi. Bibi alivunjika nyonga, laptopu ikavunjika kioo. Nyonga iliungwa, bibi akawa anatembea kwa kushika kuta. Kioo hakikuungwa. Nusu yake ilikuwa nyeusi tii, nusu nyingine michirizi mitupu.

Mjomba, kaka yao mkubwa anayeishi mbali, alikuja kumjulia hali mama yake. Hakukaa sana. Alisema akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Mama nitamchukua. Wewe huna kazi, na ukiipata utatoka. Nani atabaki naye?"

"Nikipata ya kufanyia hapa hapa nyumbani?"

"Hiyo ya kuandika maneno ya hewani?"

"Hiyo hiyo, kaka."

"Basi ipate kabla sijarudi. Usipoipata mama anakuja kwangu, na usinililie."

Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa wazi. Mjomba alipoondoka bibi aliniita nimsogezee mto, akasema taratibu, "Kwa mke wa mjomba wako nitakuwa mgeni mpaka nizikwe. Yule hata nikikohoa anaangalia saa."

Mama mdogo akaandika barua pepe huku na huku, mpaka kampuni moja ikamjibu. Kazi ilikuwa kufuatilia kikao kikiwa kinaendelea na kuandika papo hapo, ukiwa kwako. Lakini kwanza mtihani, kikao kizima, skrini mbili, moja ya kuwaona wasemaji, nyingine ya kuandikia. Atakayetoka katikati amejitoa. Hilo walilirudia.

Hapo ndipo alipoitwa Waya. Ni fundi kompyuta wa mtaani, na jina hilo alipewa kwa wembamba wake wala si kwa kazi yake. Alikuja na kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kimetobolewa matundu pande zote.

"Hii ndiyo doki," akasema. "Monita zako zote mbili zinaingia huku nyuma. Kibodi hapa, intaneti hapa, umeme wa ukutani hapa. Halafu waya mmoja tu unakwenda kwenye laptopu. Huo ndio mbeba mizigo."

"Na chaja ya laptopu?"

"Humo humo. Doki inailisha."

Akachomeka. Monita zikabaki giza. Waya akajikuna shingo.

"Matundu yanafanana, dada, tusilaumiane. Hili linapitisha umeme tu, picha halijui."

Akahamishia waya kwenye tundu la jirani ubavuni mwa laptopu. Monita zikawaka zote mbili, picha ile ile kwenye hii na kwenye hii.

"Sasa umenizalia mapacha," mama mdogo akasema. "Mimi nilitaka mtu na mdogo wake."

"Subiri tuwatenganishe."

Alibofya hapa na pale mpaka kila monita ikashika lake. Mama mdogo akaleta rangi ya kucha, akaweka tone jekundu kando ya tundu linalojua picha. Lakini kila aliposogeza mshale ulikimbilia kwenye kioo kilichovunjika ukapotelea kwenye michirizi. Dawa, Waya akasema, ni kuifunika laptopu kabisa, itumie monita za nje peke yake.

"Ila ujue kitu. Ikiwa imefunikwa, inakaa macho kwa sababu ya hizi monita. Doki ikikosa umeme, monita zinazimika, na laptopu nayo inalala hapo hapo."

"Iambie isilale."

"Nimeiambia. Ni ya zamani, haisikii la mtu."

Bibi alikuwa amekwishafika kwa kufuata ukuta. Aliweka kiganja juu ya doki, akakiacha hapo.

"Hiki kinapata moto."

"Ndivyo zilivyo, bibi," Waya akasema. "Zote zinapata moto. Usijali."

Waya hakujua anaongea na nani. Bibi alikuwa na mtoto wa mwisho, wa kiume. Alilala mchana amechoka, pasi iko juu ya nguo na swichi haikuzimwa. Bibi alikuwa kwa jirani wanapiga soga. Aliporudi kitasa cha mlango hakikushikika kwa moto, na mtoto yumo ndani. Tangu hapo anazunguka nyumba kila siku, anagusa kila chenye waya kwa kiganja, anazima ukutani. Feni, redio, chaja za simu. Tumeamka na simu zimekufa mara nyingi na hakuna aliyemlalamikia. Nguo zetu zinapigwa pasi kwangu kazini.

Mama alimshauri mdogo wake aibandike ile swichi kwa plasta. Mama mdogo akakataa.

"Akikuta swichi asiyoweza kuizima hatapata usingizi, dada. Tutaongea naye."

Wakaongea. Mama mdogo akiwa kitini, swichi ya doki ni ya mama mdogo. Bibi akakubali bila ubishi. "Ukiwepo wewe nina wasiwasi gani," alisema.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa dukani, mimi nachambua mchele kwenye kizingiti cha jikoni, ambapo sebule yote unaiona. Bibi amelala. Kwenye monita ya kushoto watu walikuwa wanabishana kuhusu vibanda vya soko, midomo inakwenda bila sauti. Kwenye ya kulia maneno yao yalikuwa yanashuka mstari kwa mstari, na mama mdogo ameinua kidevu kidogo, kama anavyofanya mambo yanapomwendea vizuri. Sikuwa nimemwona hivyo tangu ofisi ifungwe.

Kikao kilirefuka. Bibi akaamka, akaanza mzunguko wake. Akagusa redio. Akagusa feni, akaizima. Akafika nyuma ya kiti, akaweka kiganja juu ya doki, akakiondoa haraka, akakirudisha.

"Mwanangu," akaita.

Mama mdogo masikio yamezibwa, vidole vinakwenda.

"Mwanangu, we."

Nikainuka. Uso wa bibi ulikuwa umebadilika, sijui niuandikeje. Alishika ukingo wa meza, akainama kwa ile nyonga isiyoinama, na kabla sijavuka sebule swichi ikalia tap.

Monita zikazimika pamoja. Vidole vya mama mdogo viliendelea kidogo, vikaandika gizani, ndipo vikasimama.

Alipogeuka alimkuta mama yake anahema, anatabasamu, machozi yanamtoka.

"Nimewahi," bibi akasema. "Kilikuwa kinaungua, nakuita husikii. Safari hii nimewahi."

Mama mdogo alitazama swichi. Alitazama monita. Kisha akavua visikilizio, akakichukua kile kiganja, akakigeuza na kukipapasa kama anatafuta palipoungua.

"Asante, mama," akasema. "Umewahi."

Akampeleka kitandani, akamfunika. Ndipo akarudi, akawasha, akaifunua laptopu, akaandika neno la siri kwa kubahatisha kwenye michirizi. Kikao hakikumpokea. Palikuwa na ujumbe wa kumshukuru kwa muda wake. Akawaandikia kwamba umeme ulikatika. Wakamjibu kwamba wengi wakishindwa mtihani husema hivyo.

Mama aliporudi kutoka dukani waliongea jikoni, sauti chini.

"Umemwambia?"

"Nimwambie amezima nini?"

Kwa simu mjomba aliambiwa kwamba vidole vimezeeka, vijana wanaandika haraka zaidi. Mjomba akasema alijua. Wiki nzima bibi alisimulia kila jirani aliyepita jinsi alivyomwokoa mtoto wake, na mama mdogo alikuwa hapo, akiitikia, "Ni kweli, ni kweli." Alikuwa ameshapata kazi kiwanda cha samaki, kwenye chumba cha barafu, zamu za mchana na usiku. Vidole vilimpasuka mapema.

Mjomba alikuja, akabaki nje, gari linanguruma. Mabegi ya bibi yalikuwa mlangoni. Yeye aliomba azunguke kwanza. Hakuna aliyemharakisha. Alipita chumba kwa chumba amefuata ukuta, anagusa, anazima, mpaka akafika mezani. Akaweka kiganja juu ya doki. Ilikuwa baridi, haikuwashwa tangu siku ile.

"Hiki mkikiwasha," akauliza, "nani atakuwa anakigusa?"

"Hatutakiwasha, mama," mama mdogo akasema.

Bibi akafikiri. Akashika waya wa ukutani, akauchomoa kabisa, akauweka juu ya meza karibu na lile tone jekundu. Ndipo akaridhika, akatoa mkono ashikwe.