Kisima Kilichotuzuia Kuhama

Mwanangu, umeniambia unataka kuchimba kisima uani kwako, nami bibi yako nimefurahi. Lakini kabla hujashika sururu, kaa kidogo unisikilize. Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, zamani za Wadachi, wale Wajerumani, nilipoinama juu ya kisima chetu nikavuta kamba, na ndoo ya ngozi ikapanda na tope tupu.

Nilikuwa mke kijana, nimeolewa kwenye tembe moja, nyumba ya udongo yenye paa bapa, upande wa Haneti. Mume wangu aliitwa Ndahani. Kisima kile alikichimba mwenyewe mwaka alionioa, maana hakupenda kuniona nikirudi na kibuyu kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Yeye alikuwa chini anachimba, mimi juu navuta udongo, na tulizungumza hivyo hivyo, sauti yake ikitoka ardhini, akinitania kwamba nikimchoka niiachie tu kamba. Siku udongo ulipotoka mbichi, alinitumia donge ndani ya ndoo, akaniita, "Onja, mke wangu. Hauna chumvi." Nikaonja. Nimekula vitu vingi vizuri duniani, mwanangu, lakini ladha ya udongo ule haijanitoka.

Akaweka magogo ya mpingo kuzunguka mdomo wa kisima, na nje yake ua wa miiba ili ng'ombe wasikanyage kingo. Majirani waliokuja kuomba maji tuliwapa.

Kisha Wadachi wakaanza kujenga reli. Jumbe wa kijiji chetu akaja na askari, akachagua vijana wenye nguvu, na Ndahani akawamo. Hakupewa hata nafasi ya kumaliza ugali wake. Aliniambia, "Nitarudi kabla ya mvua. Kisima kikichafuka nisubiri, nitakuja kukisafisha." Akaenda.

Mvua zikaja, zikapita. Tulilima, tukavuna uwele, yeye hayupo. Baadhi ya waliochukuliwa naye walirudi, wakasema walimwacha mzima, ila amepelekwa mbele zaidi, huko reli inakoelekea. Kila jioni nilikuwa natafuta kisingizio cha kutoka nje. Mara nakusanya kuni ambazo sizihitaji, mara nafukuza mbuzi ambaye hajapotea. Kumbe naitazama njia.

Ndipo likaja tope lile. Baba mdogo wake Ndahani, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, alikuja akachungulia kisimani, akatingisha kichwa.

"Hapa pamekwisha," akasema. "Tufungeni mizigo tuhamie bondeni, wenzetu wengi wameshakwenda."

Nilikuwa mkwe mgeni, sikuzoea kumjibu mtu mzima. Siku ile nilijibu. "Baba, tukihama, Ndahani akirudi atatukuta wapi?"

"Ataulizia kwa watu."

"Watu gani, baba? Na wao si wamehama?"

Alimgeukia mama mkwe wangu, akasema wazi kwamba ng'ombe hawawezi kungoja sana, kisha akaenda zake.

Mama mkwe alikuwa mjane, mtu wa maneno machache. Aliniita ndani, akaniuliza, "Kisima hiki mbona hakijasafishwa?"

"Ndahani aliniambia nimsubiri, mama."

"Msubiri. Nani amekukataza? Lakini msubiri ukiwa unafanya kazi. Nani alikuambia kumsubiri mtu ni kukaa?"

Neno lile liliniuma, na lilikuwa la haki.

Kesho yake alitia kaa lenye moto katika chungu, akawasha na vijiti, akakiteremsha kisimani taratibu kwa kamba. Moto ukazimika. Nikataka kushuka hivyo hivyo, akanishika mkono. "Chini hakuna hewa. Moto ukifa huko, na wewe utakufa." Akafunga matawi yenye majani ili yasukume hewa chini, tukayashusha na kuyapandisha, tukayashusha na kuyapandisha, mpaka mabega yakawaka. Tukashusha chungu tena. Safari hii moto ukabaki. Baba mdogo, ambaye alikuwa amesimama pembeni akidhani tunacheza, akaja mwenyewe akaishika kamba niliyojifunga kiunoni.

Nikashuka. Ndahani alikuwa amechonga vidato ukutani vya kukanyagia, na vyote vilikuwa vya miguu yake mirefu. Kila hatua nilikuwa nautafuta unyayo wake kwa vidole vyangu. Karibu na chini, mahali pa udongo wa mfinyanzi, nikaona alama za vidole vyake alipolainisha ukuta. Nikaweka kiganja changu juu yake, nikalia.

"Kuna nini huko?" mama mkwe akaita.

"Tope, mama," nikasema.

Nilijaza ndoo, wakavuta; nikajaza, wakavuta. Jua lilipokuwa utosini maji yakaanza kunizunguka miguu, ya baridi, safi. Baba mdogo alipoyaonja hakusema tena habari ya kuhama.

Ndahani alirudi baada ya mavuno mengine, amekonda, na alitukuta palepale. Alikunywa kibuyu kizima, kisha akauliza nani alisafisha. Nilipomwambia, alicheka kwa muda mrefu. Siku chache baadaye alishuka akachonga vidato vingine katikati ya vile vyake, vya miguu yangu.

Tulikaa naye miaka michache, mizuri. Halafu vita ile kubwa ya Wadachi ikaja, wakamchukua awe mpagazi, na safari hiyo hakurudi. Kaburi lake sijui liko wapi. Wakati mwingine, hata sasa nilivyo mzee, nikisikia mtu anacheka nje, moyo wangu unainuka kumlaki kabla mimi sijainuka.

Kisima kile kilinilelea watoto, akiwemo mama yako. Kwa hiyo, mwanangu, chimba. Chimba mbali na choo na mbali na zizi. Inua mdomo wake, ukifunike. Kila mwisho wa kiangazi, maji yakiwa machache, kitolewe tope, na mtu asishuke kabla moto haujashuka. Mwenye kiu akija usimfukuze. Ila la kushika zaidi ni hili: kazi ya kukitunza usiiweke mikononi mwako peke yako. Mfundishe mkeo, wafundishe watoto wako, wa kike na wa kiume, washuke wakiwa na wewe juu umeshika kamba. Mtu huitwa ghafla, na nyumba hubaki na kiu.

Mungu akupe maji matamu, akupe na watu wa kunywa nawe. Wanaotoka nyumbani kwako wakukute wakirudi. Nenda salama, mwanangu.