Kapulingi ya Mpira

Wangila alikuwa fundi wa mashua za dizeli Port Bell, bandari ya Kampala, tangu ujana wake, na roho yake ilikuwa mbaya. Heri lisemwe mapema, asije mtu akamhurumia bure.

Bei ya mafuta ilipopanda, Nabangala, mama mwenye mashua, aliamua kung'oa dizeli na kuweka mota ya umeme. Kazi alimpa Mugisho, Mkongo aliyezoea mota za vinu vya kusaga huko Bukavu. Akifaulu, mashua zote zingekuwa zake kuzihudumia, na Wangila angerudi Bungoma kupalilia mahindi.

Mugisho alirudi kutoka maduka ya Kikuubo na kapulingi mbili, vile viungo vya kushikanisha shafti ya mota na shafti ya propela. Moja ilikuwa chuma kitupu, nyingine ilikuwa na mpira katikati. Pale ufukweni mgeni hafungi kitu kabla ya kumuuliza mkubwa wa kazi, naye Mugisho alikuwa na adabu zake. Akamwendea Wangila, akimwita baba kwa namna ya kwao Kongo.

"Papa, niweke gani?"

Wangila alijua fika. Kinu hukaa juu ya saruji, lakini mashua ya mbao ikishuka majini na kupakiwa hupinda kidogo, na shafti zilizonyooshwa nchi kavu huachana. Mpira huvumilia hilo, chuma hakivumilii.

"Weka chuma, mwanangu. Umeme hautetemeki. Mpira ni wa dizeli."

Akamshikia hata spana.

Mashua haikufika mbali na magunia yake ya sukari. Shafti ilikatika, maji yakapenya kwa nyuma, sukari ikaloa yote. Nabangala alimtukana Mugisho mbele ya wachukuzi na kumfukuza. Wangila alitikisa kichwa kwa masikitiko, na moyoni alikuwa na raha ya sikukuu.

Kabla ya kwenda nyumbani Kyebando kumkabili mkewe, Mugisho alimfuata Wangila.

"Papa, wote wamenicheka. Wewe peke yako ulinisaidia." Akampa kapulingi ya mpira. "Chukua. Mimi sina kazi nayo tena."

Wangila aliipokea kwa mikono miwili. Shafti mpya ilipopatikana akaifunga hiyohiyo, na mashua ikateleza hadi visiwani. Nabangala alimshukuru Mungu kwa kumpa fundi wa kweli.

Baadaye Wangila alikwenda Kikuubo kununua mota ya mashua ya pili. Mchukuzi aliyemkimbilia alikuwa Mugisho, amekonda, anacheka kwa furaha ya kumwona.

"Papa, ule mpira unafanya vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu," alisema Wangila, akamtwika mota begani.