X Nyekundu Kwenye Oreteti

Haya, mmenibana nami naona aibu, lakini ndiyo sababu nikiona kopo la rangi nyekundu dukani nageuza uso (mke wangu anadhani nimegombana na mwenye duka).

Mimi Mwiraqw wa Karatu, napima misitu. Setilaiti inapita juu na rada yake, inapenya hata mawingu, lakini peke yake haiwezi kusema msitu una mbao kiasi gani, kwa hiyo sisi tunazungushia miti futikamba usawa wa kifua, vipimo vinalinganishwa na picha, ndipo inatoka ramani ya ujazo. Siku hiyo tuko kwenye msitu wa Enguserosambu, kwa Wamaasai, chaki ya kuwekea alama miti tuliyopima ikalowa mvua ikawa uji, nami mjuaji nikakumbuka kopo la rangi kwenye gari, nikaanza kupiga X. Nyekundu. Jamani, Mtanzania gani hajui X nyekundu ukutani maana yake nini?

Nikaupiga na oreteti, mti ambao wanawake wa Kimaasai huenda kuombea watoto.

Kidogo tukaona wanawake wanakuja, mbele yao mama aliyetupatia maziwa asubuhi, tukimwita Yeyo, yaani mama.

"Nyumba ya dada yangu Karatu iliwekwa hii, ikabomolewa," akasema. "Mti mnaubomoa lini? Binti yangu ameomba hapa mpaka amepata mimba. Subirini basi ajifungue."

"Yeyo, hatukati. Ni alama ya kupima tu."

"Kama ni ya kupima, futa."

Nikavua shati la mradi, nikalichovya kwenye mafuta ya taa, nikasugua mbele ya umati, na ile rangi badala ya kutoka ikatanda, ikatiririka hadi mizizini, nami nimebaki na fulana yenye matundu, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Mzee mmoja akasema taratibu, "Ilikuwa X tu. Sasa umeuchinja."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Yeyo akavua shuka lake, akaufunga mti pale nilipopachafua.

Ramani ilitoka nzuri, na oreteti umo mle kwenye kijani kilichokolea. Lakini kabla haijatoka, dereva wetu alipita kule akarudi na habari kwamba mimba ya yule binti imeharibika. Najua rangi haiharibu mimba, nimesoma, najisemea hivyo kila siku na bado hainisaidii. Yeyo hakunilaumu hata kwa neno moja, alituma salamu tu, akauliza kama nimepata shati jingine. Nililia kama mtoto.

Siku hizi kabla sijagusa mti nawauliza kwanza wenyewe. Na chaki ikilowa tena, nitakaa chini nisubiri ikauke.