Kisiwa cha Mama Kwenye Mengineyo

Shemeji yangu alinunua kofia ya ukindu yenye kamba ya kufungia kidevuni kabla hajajua boti inapandiwa wapi. Huyu ni mume wa dada yangu, mstaafu wa ofisi, mzaliwa wa Nanyamba, mtu ambaye maji ya chumvi hayajawahi kumpita magoti. Siku moja aliona kwenye simu video ya wageni wanaozunguka kisiwa hadi kisiwa, wamevaa miwani ya jua, wanakunywa madafu kwa mirija, akaamua kwamba na sisi tutazunguka. Miezi miwili, alisema. Songosongo, Kilwa Kisiwani, Mafia, Jibondo, Unguja, Tumbatu, Pemba, na hati za kusafiria zikipatikana, Ngazija. Aliyataja majina hayo kwa raha kama anayetaja wajukuu wake. Ukimwuliza Jibondo iko upande gani wa Mafia, alikohoa.

Nilimdharau tangu siku hiyo, na sioni haya kusema. Na kwa kuwa ukoo wetu hauwezi hata kuchimba choo bila kuunda kamati, ikaundwa kamati.

Tulikutana kila Jumapili baada ya adhuhuri, barazani kwa shemeji, Likombe. Yeye mwenyekiti, dada mweka hazina, mimi katibu, kwa sababu ni karani wa masjala na mwandiko wangu unasomeka. Wajumbe waliobaki walikuwa binamu zetu waliofuata chai na mihogo ya kukaanga. Ukutani palibandikwa ramani ya shule, na shemeji akachomeka pini nyekundu kila tutakapolala. Kikao cha kwanza kilijadili sare. Cha pili kilijadili sare. Cha tatu kilivunjika kwa sababu nusu ya wajumbe walitaka kitenge chenye samaki na nusu walitaka chenye makombe ya baharini. Mpaka kikao cha tano nguo zilikuwa zimekatwa na fundi ameshapima watu, na hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya chombo. Ndivyo tulivyo. Tukishavaa kufanana, tunaona tumefika.

Jirani yetu mmoja Myao, mtani wetu, alipita akatukuta tumesimama mstari tunapimwa mabega.

"Nyie Wamakonde," alisema, "mnakwenda baharini au mnakwenda kuposa?"

Shemeji aliagiza niandike kwamba kikao kiliingiliwa na mtu asiye mjumbe.

Mama alikuwa uani. Siku hizo alikuwa akiishi kwa dada ili awe karibu na hospitali, na kwa desturi yetu mama mkwe haketi baraza moja na mkwewe, wala hapandishi sauti mbele yake. Akiwa na neno, humtuma mtu. Mtu huyo alikuwa mimi.

Neno lake lilikuwa fupi. Mama alizaliwa kwenye kisiwa kidogo kinachoonekana kutoka Msimbati, karibu na Ruvuma inapomwaga maji baharini. Baba alimwoa akampeleka Mpapura kwenye mikorosho. Bibi, yaani mama yake, alipofariki kule kisiwani, mama alikuwa ndani ya arobaini, kitandani na mimi, kichanga. Hakwenda kuzika. Baadaye palilia ikafuata mavuno, mavuno yakafuata palilia, na miaka ikapita hajarudi. Sasa daktari alikuwa amesema ni presha ya macho na kinachopotea hakirudi, akampa matone ya kuchelewesha. Mama alinieleza kwamba anaona kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa.

"Waambie waanze na kwetu," alinituma. "Nimsomee mama Yasini pale kaburini, nikiwa bado naliona."

Nililifikisha. Shemeji akaisogelea ramani, akavua miwani, akavaa tena.

"Hakina hata jina hapa," alisema. "Kisiwa cha nyumbani hakikimbii. Tunaanza mbali, tunamalizia nyumbani. Katibu, weka kwenye mengineyo."

Aliyewahi kukaa kwenye kikao anajua mengineyo ni nini. Ni ajenda ya mwisho, shimo la kutupia jambo ambalo huna ujasiri wa kulikataa. Tukilikaribia, chai inakuwa imeshaletwa, na kuna mjumbe ameshainua mikono kwa dua ya kufunga. Nikaandika: *Mengineyo: kisiwa cha mama. Muda haukuruhusu.* Jumapili iliyofuata nikaandika hivyohivyo. Baada ya kila kikao nilizunguka uani, na mama aliuliza wamesemaje, nami nikajibu kwamba wanalishughulikia.

Niseme ukweli, vikao vile nilivifurahia. Dharau ni tamu ukiwa na kalamu. Niliandika muhtasari kwa Kiswahili safi cha ofisini, na kila sentensi nikaitilia sumu. "Mjumbe mmoja alitaka kujua kama Pemba kuna sehemu ya kuchajia simu." "Mwenyekiti aliwatoa hofu wajumbe kwamba papa hawali mtu mzima." Jumatatu niliwasomea wenzangu masjala, wakacheka mpaka mkuu wetu akafungua mlango. Walinisubiri kwa hamu. Nilikuwa mtu mwerevu kuliko wote Likombe, na nilihakikisha wanalijua hilo.

Kisha shemeji akatangaza jaribio. Wasafiri wote, na sare, tupande pantoni kutoka mjini mpaka Msangamkuu na kurudi, ili mwili uzoee bahari. Ng'ambo ile iko karibu, ukimwita mtu kwa sauti anaweza kugeuka. Wanafunzi huivuka wanakula karanga. Tulipofika katikati shemeji alikuwa ameng'ang'ania chuma cha ukingoni. Tulipokaribia kushuka aliivua kofia yake taratibu, kwa adabu kabisa, akatapikia ndani. Binamu zangu wakageuza nyuso. Mimi sikugeuza. Niliangalia mpaka mwisho, nisije nikasahau kitu.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisema safari haijafutwa, ila itafanyika baada ya korosho. Kwetu, jambo likishapelekwa baada ya korosho, lisomee talakini kama maiti. Korosho ziliokotwa, zikauzwa, mikorosho ikaanza kuchanua upya, na hakuna aliyetaja visiwa. Vile vitenge vya samaki vilivaliwa kwenye harusi ya binamu mmoja. Ramani ilishushwa, ukuta ukabaki na matundu.

Asubuhi moja nilipita kwa dada kabla ya kwenda kazini. Mama alikuwa peke yake uani, amekaa mkekani, anajimiminia chai. Ile chai ilishuka pembeni ya kikombe, ikatandaa mkekani, naye akaendelea kumimina mpaka alipohisi joto kwenye mguu. Akaliweka birika chini. Hakujua kwamba nimesimama pale.

Siku ileile niliomba ruhusa, nikakodi gari, tukaenda Msimbati, mimi na yeye. Kwenye mchanga tulimkuta mtu anafunga mashine kwenye boti yake. Nikamwambia tunakokwenda, akasema pandeni. Hapakuwa na kitu kingine cha kupanga. Jua halijafika utosini tulikuwa tumeshavuka. Jumamosi yoyote ya mwaka ule ningeweza kufanya hivyo. Nilikuwa na Jumamosi zote, ila nilizitumia kunolea ulimi kwa ajili ya Jumapili.

Mwenye boti alimshika mama mkono mmoja, mimi mwingine, tukamteremsha kwenye maji ya vifundo. Alisimama pale, akavuta hewa, akageuza kichwa huku na huku akitafuta lile tundu lake la kitasa. Alitafuta kwa muda mrefu. Mwishowe akakiinamisha.

"Haya, katibu," alisema. "Nisomee."

Nilikuwa sijui kwamba analijua jina hilo. Uani kule, nyuma ya ukuta, alikuwa akisikia kila kitu: samaki na makombe, papa, muda haukuruhusu. Alikuwa anajua nani anaandika.

Nikaanza kumsomea. Nilimwambia kuna nyumba za bati, nyavu zimeanikwa, mbuzi, mtoto amekaa kwenye ndoo. Nilisikia mwenyewe jinsi yanavyotoka makavu. Mtu aliyewachekesha masjala nzima kwa kofia moja hakuwa na cha kusema juu ya kisiwa kizima.

"Na ule ntomondo," aliuliza, "upo? Walimzika chini yake. Niliambiwa."

"Upo, mama," nikasema haraka.

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona furaha namna ile usoni mwake, na ndiyo iliyonitia hofu.

"Nipeleke niushike."

Nikatazama. Juu ya mchanga palikuwa na miti mingi, mikubwa, yenye majani mapana, imesongamana mpaka ndani. Nimekulia Mpapura. Mti ninaoweza kuapa kwamba naujua ni mkorosho. Mtomondo, ambao mama huuita ntomondo, nilikuwa nimeusikia kwake tu, tangu utotoni, na sikuwahi kumwuliza ukoje.

Mama alikuwa ameshaanza kupiga hatua, ananivuta. Nilitembea naye kidogo, nikasimama. Nikamgeukia mwenye boti na kumwuliza, mbele ya mama, mtomondo ndio upi.

Mama akauachia mkono wangu, akaunyoosha wake upande aliosikia maji yakikanyagwa, kwa yule mwenye boti.